Barua Iliyomwondoa Mwalimu Kazue

Matsue, 2 Agosti 2009

Kaka Homnath,

Namaste. Afya yako vipi, na kifua je? Sabitri mkweo hajambo? Mimi sijambo, na mume wangu hajambo ila anazeeka kwa kelele. Joto la huku limezidi mwaka huu, hata paka amegoma kula.

Barua ya kamati ya shule imefika. Miaka hamsini! Wananiomba nije Februari kufungua chumba kipya cha sayansi. Nimekaa nayo juma zima. Nataka kuja. Tangu nirudi Japani nimefundisha shule nne, lakini nikiota nafundisha, huwa niko Sirupani na chaki inanikatikia mkononi.

Nina ombi moja, na naona haya kulisema. Manbire asiwekwe karibu nami. Sitafuti ugomvi, nina miaka hamsini na tatu, hasira imekwisha. Ila sitaweza kumtazama usoni mtu niliyemfundisha herufi, nikamtia tika, alama ya baraka kwenye paji la uso, kama ndugu yangu, kisha akaandika barua ile ya kunishtaki kwa wakubwa wa wilaya. Wewe utajua namna ya kulipanga bila kumwaibisha.

Nijibu kabla sijakata tiketi.

Mdogo wako,
Kazue


Sirupani, 30 Agosti 2009

Mdogo wangu Kazue,

Namaste. Natumaini joto limepungua na paka anakula. Natumia tarehe za kwenu, si za kalenda yetu, ili usisumbuke kuhesabu.

Umeuliza kifua. Daktari wa Dharan alimvuta mwanangu pembeni akamnong'oneza, lakini masikio yangu bado yanafanya kazi. Alisema Februari ni mbali. Kwa hiyo nakuandikia sasa, asubuhi, wakati pumzi inatosha.

Barua ile niliiandika mimi.

Unaikumbuka siku ya tika, Novemba 1982, katika sikukuu ya Tihar, dada wanapowabariki kaka zao. Ulikuwa mwaka wako wa pili wa kujitolea. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka uani kwetu, wewe ukiwa dada yangu, sahani ya tika mbele yako. Manbire akaja kukuletea koti alilokushonea. Akasimama nje ya ua, mahali ambapo washonaji, watu wa tabaka wanaloliita najisi, husimama. Ukamwita. Akakataa. Ukaenda ukamshika mkono, ukamketisha pembeni yangu kwenye mkeka uleule, ukatutia tika sote wawili kutoka sahani moja. Ulifurahi sana. Ulisema sasa una kaka na mdogo.

Ulipoondoka mama yangu aliitupa ile sahani bondeni. Kesho yake hakuna aliyepokea maji mkononi mwangu. Siku ya tatu kuhani akaleta habari kwamba hataiongoza harusi ya binti yangu, iliyokuwa imebaki wiki tatu. Ningeweza kufanya ibada ya kujitakasa na kukutenga hadharani. Ningeweza pia kusema kwamba sioni kosa. La kwanza niliona aibu kulifanya, la pili niliogopa. Nikatafuta njia ambayo wewe ungeondoka na mimi nisionekane.

Niliandika kurasa mbili. Nilisema darasa lako la Jumamosi linafundisha siasa za vyama vilivyopigwa marufuku. Lilikuwa na wasichana tisa na Manbire, na mlikuwa mnasoma sehemu za ua la haradali. Amri ya kukuondoa ikaja baada ya siku tisa.

Ulipokuwa ukifunga mizigo uliniuliza, "Kaka, ni nani?" Nikasema Manbire. Sikuwa nimepanga. Ulikuwa unanitazama na ilinibidi nitaje mtu.

Ulipoondoka kuhani aliridhika, harusi ikafanyika. Manbire na baba yake ndio waliopiga tarumbeta, kama ilivyo kazi ya washonaji harusini. Baada yako hatukupata mwalimu wa sayansi kwa miaka kumi na moja, wala hakuna wa kujitolea aliyeletwa tena. Jina la shule lilikuwa limeshachafuka kwenye faili. Kati ya wale wasichana tisa, mmoja alifika darasa la kumi.

Sikuombi kitu. Nimeona tu kwamba unapanga viti kwa kunitegemea mimi.

Kaka yako,
Homnath


Matsue, 9 Oktoba 2009

Mwalimu Mkuu,

Namaste. Natumaini dawa zinakusaidia.

Nilianza kukujibu mara tano. Barua zile nimezichana, kwa hiyo hii ni fupi.

Novemba ile Manbire alikuwa hajamaliza herufi. Mimi ndiye niliyekuwa namfundisha. Nilijua hawezi kuandika mistari miwili ya kiserikali, sembuse kurasa mbili. Nilijua, na sikujiuliza hata kidogo. Hilo si lako, ni langu.

Je, yeye anajua kwamba nilimdhania? Kama hajui, nenda ukamwambie. Nenda wewe, usimwite. Kisha uniandikie alivyosema, maneno yake, si muhtasari.

Kazue


Sirupani, 28 Oktoba 2009

Mdogo wangu Kazue,

Namaste. Natumaini wewe na mumeo hamjambo. Mimi nalala nimeketi siku hizi, nikijilaza pumzi inakata.

Nilikwenda. Sabitri alinishika mkono njia nzima akilalamika. "Baba, huko kwa washonaji unafuata nini? Si aitwe aje yeye?" Nikamwambia ameitwa vya kutosha. Ni mwendo wa dakika tano. Tulitumia saa nzima.

Manbire alikuwa kibarazani kwenye cherehani. Umeomba maneno yake. Haya hapa.

"Lo! Mwalimu Mkuu kwa miguu yake! Nani kafa?"

"Bado. Ndiyo maana nimekuja."

Akacheka, akanisogezea kigoda. Nikamwambia habari ya barua ya wilaya. Wala hakuacha kukanyaga cherehani.

"Hiyo ndiyo iliyokutoa kitandani? Mwalimu, mwaka ule kijiji kizima nani mwingine alijua kuandika barua ya serikali? Kuhani alikuwa anaandika nyota za watoto tu. Tulijua. Baba alijua siku ile anapiga tarumbeta kwenye harusi ya binti yako. Aliniambia, piga mwanangu, tena ucheke, watu wanatutazama."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Nikwambie nini? Ungeandika nyingine."

Sabitri alicheka, halafu akajizuia. Nikamwambia la pili, kwamba wewe uliniuliza na mimi nikalitaja jina lake. Hapo cherehani ikasimama.

"Ulisema mimi?"

"Wewe."

"Na dada akaamini?"

"Aliamini."

Alikaa akitazama kitambaa. Kilikuwa sare ya shule, ya bluu. Kisha akauliza, "Sasa zile salamu?"

Kazue, hili sikukuandikia Agosti. Kila mwaka sikukuu ya Tihar ikikaribia, Manbire alikuwa akinisimamisha njiani. Alikuwa akisimama pembeni, upande wa chini wa njia, na kuuliza, "Mwalimu, dada kaandika?" Nami nilimjibu, "Kaandika. Anakusalimu." Mwaka wa kwanza nilisema hivyo ili anipishe. Baadaye salamu tupu zikaonekana chache, nikaanza kuziongezea.

"Zilikuwa zangu," nikamwambia.

"Zote?"

"Zote."

"Mwaka juzi ulisema kauliza kama magoti bado yananiuma."

"Nilibuni."

"Ulibuni vizuri. Nilimwambia mke wangu, tukashangaa sana. Nilisema, huyu mtu yuko Japani, ana kazi yake, ana mume, na bado anakumbuka magoti yangu." Akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu, mpaka sindano ikatoka kwenye kitambaa. "Na lile la kwamba alimwonyesha mumewe koti nililomshonea?"

"Hilo pia."

"Na mwaka ule mwanangu alipofaulu?"

Mwaka ule nilikuwa nimemwambia kwamba ulilia kwa furaha.

Akamgeukia Sabitri. "Shemeji, mrudishe mzee. Baridi inaingia."

Chai hakutupa. Nilikuwa nimeazimia kwamba akinipa nitainywa pale kibarazani, watu waone. Hakunipa.

Hayo ndiyo maneno yake.

Kaka yako,
Homnath


Matsue, 14 Novemba 2009

Mwalimu Mkuu,

Namaste. Nakuombea usingizi.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, imefungwa. Ni ya Manbire. Mpe mkononi. Nimemwomba radhi, na nimemuuliza kama atanipokea Februari. Nitakata tiketi nikipata jibu lake. Kama ni hapana, sitakuja, na kamati nitaiandikia mwenyewe.

Usimwambie chochote kwa niaba yangu.

Kazue


Sirupani, 6 Desemba 2009

Mdogo wangu Kazue,

Namaste. Natumaini baridi yenu si kali. Barua hii anaiandika Sabitri; mimi nasema na yeye anasubiri nipumue. Saini tu ndiyo yangu.

Bahasha yako nairudisha pamoja na hii. Utaona haikufunguliwa. Sikuikalia, siku ilipofika nilimtuma Sabitri amwite Manbire, kwa kuwa miguu imekwisha. Alikuja. Sabitri alimwambia apande barazani, akapanda, akakaa karibu na kitanda changu. Nikamnyooshea bahasha. Akaisoma anwani bila kuigusa. Anasoma vizuri; herufi zilizobaki alijimalizia mwenyewe.

"Sipokei," alisema.

Nikamwambia ni mwandiko wako, aangalie, gundi ya kwenu, haijaguswa.

"Naona. Sina hasira, Mwalimu. Ila kitu cha dada kikipita mkononi mwako, sitajua. Nitasoma maneno yake na nitakuwa nasikia sauti yako. Miaka ishirini na saba nimeisikia sauti yako nikidhani ni yake. Nilikuwa naipenda, kusema kweli."

Sabitri akamwambia, "Basi niipeleke mimi, shemeji. Mimi sikubuni kitu."

"Wewe ni wa nyumba hii," akasema. "Kama dada anajua kuandika mpaka Sirupani, mita mia tatu zaidi zitamshinda nini?"

Nilimuuliza kama ana jibu la kukuletea kuhusu Februari. Alitikisa kichwa. "Jibu hupewa aliyeuliza. Mimi hajaniuliza mtu bado." Kisha akaniwekea mto vizuri mgongoni, kwa sababu ulikuwa umeteleza, akaenda zake.

Nimefikiri kwa nini hukuwahi kuwa na anwani yake. Mwaka wako wa kwanza huku, uliponiuliza barua za washonaji hupitia wapi, nilikujibu zote hupitia shuleni, kwangu. Haikuwa kweli hata wakati ule. Mpeleka barua hupita mbele ya kibaraza chao kila Jumanne na Ijumaa, kabla hajapanda kwangu.

Usinijibu barua hii. Sabitri nimemwambia chochote kitakachokuja kwa jina langu kutoka kwenu kirudishwe. Akija kukuuliza mtu wa kamati juu ya tiketi, mwambie unangoja posta.

Homnath Dahal

Anwani yake andika hivi, inatosha:

Manbire Pariyar
Mshonaji, chini ya shule
Sirupani, Wilaya ya Bhojpur
Nepal