Tumesoma

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Shikamoo yako niliisoma mara mbili. Huku Kilosa mvua zimeanza. Baba yako mdogo bado yuko Mikumi, hupiga simu kila Ijumaa. Kuku wa bibi yako sasa wanataga hadi chini ya kitanda changu. Nyumba imekuwa kubwa tangu atutoke.

Umeuliza kwa nini daftari langu la vitabu limejaa neno "tumesoma" wakati bibi yako hakujua kusoma.

Tulipooana nilikuwa mwalimu mgeni huko Malolo. Kila kitabu nilichonunua nilikiandika daftarini, hata nilichokuwa nakitamani tu. Jioni nilimsomea kwa sauti akichambua mchicha. Siku moja akauliza nimeandika nini pale mwisho wa mstari.

"Nimesoma," nikamjibu.

Akaacha mchicha. "Umesoma peke yako, mwalimu? Haya masikio yangu yalikuwa yanafanya nini?"

Niliona aibu kweli. Nikaikata ile "ni", juu yake nikaandika "tu". Toka siku hiyo sikurudia kosa.

Wiki iliyopita nimemaliza kitabu cha mwisho kati ya vile tulivyokuwa tunavingoja pamoja. Nilikisoma kwa sauti, kuku wakipita pita. Kisha nikafungua daftari. Kwa mazoea nikaanza "tu", kalamu ikagoma. Kuandika "nimesoma" nako nikashindwa. Nimepaacha hivyo hivyo: jina la kitabu, na mbele yake "tu".

Babu yako,
Kilosa