Vistari Vyekundu vya Pasi

Na vile vistari vyekundu, Pasi, havikuwa makosa. Nimechelewa miaka miwili kukuambia hivi, na najua ungeangua kile kicheko chako cha kupiga paja, useme, "Ndeshi, umeamka?" Nimeamka, rafiki yangu. Na nimeolewa! Sijui nianze na lipi, maana yote mawili nimeletewa na mtu mmoja. Asubuhi hii ukungu umeifunika Karatu yote, hata nyumba ya jirani siioni, na mimi nimekaa mlangoni na kikombe cha chai, naandika huku natabasamu peke yangu kama mwehu.

Anaitwa Lemayan. Ni mtoto wa wafugaji wa Olbalbal, anaendesha gari la wageni, anawashusha kreta alfajiri kutazama wanyama na kuwarudisha jioni. Ana mabega, Pasi... basi, niache. Akiingia ndani nyumba inanuka vumbi na dizeli, na mimi naona ni manukato. Tumefunga ndoa wiki saba zilizopita. Kiti chako kilikuwepo, mstari wa mbele. Nilikitandikia kitenge chako cha njano na hakuna aliyekikalia, hata shangazi yangu ambaye hukalia kila kitu.

Lakini kuna jambo sijawahi kukuambia, hata kwa kunong'ona nikiwa peke yangu. Ndilo linaloniandikisha.

Unakumbuka uliponipa daftari lako pale wodini. Lile la kidato cha tatu, mbele hesabu, nyuma mashairi yako. Ulisema, "Litunze, mwalimu wa kwaya, siku moja utalielewa." Mimi nililitunza tu, kulielewa sikulielewa. Nililifungua nikaona mistari mingine mirefu, mingine mifupi, na juu ya maneno vistari vyekundu vya kalamu, vimetupwa hovyo. Nikadhani ulikuwa unajisahihisha.

Basi ilipofika ibada ya kumaliza msiba wako, pale kwenu Baray, nikataka kukupa heshima. Nikachukua ubeti wako mmoja wa daftarini nikautungia wimbo. Nisamehe. Nikauweka katika sauti nne, taratibu, kama wa kwenda mezani kwa Bwana:

Mtoto wa mfereji, maji yananijua,
nikipita na jembe, udongo unapumua,
kitunguu kinaniliza, usidhani naugua,
machozi ya shambani hukauka kwa jua.

Tulipofika kwenye "naugua" tukaivuta. Na-u-gu-aaa, besi zikashuka chini kabisa, wanawake wakaanza kulia. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Ndipo mama yako, Aayo wako, akainuka. Alipita katikati ya watu mpaka nje ya turubai, na pale nje akasema, si kwa ukali, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo usio wake, "Huyo si Pasi wangu."

Tangu siku hiyo sijakanyaga Baray. Nilikuwa nakuota, Pasi, umekaa ukingoni mwa mfereji, miguu majini, mdomo wako unakwenda na sauti haitoki. Naamka nikiwa nimeshika sikio.

Maana ni palepale ukingoni ulipojaribu kunifundisha kusikiliza rapu, likizo ile niliyokuja kwenu kuvuna vitunguu. Hedifoni moja, wewe sikio la kushoto, mimi la kulia. Mimi nakuuliza, "Mbona haimbi? Ataanza saa ngapi?" Na wewe: "Ndeshi, wewe unakula huku unangoja chakula kije!" Nikakujibu kwamba hao hawaimbi, wanagombana na ngoma. Ulinirushia tope. Ningejua siku zetu zilivyokuwa chache ningesikiliza ule wimbo mpaka mwisho.

Sasa sikia alivyoniponya huyu mume wangu, na hata hakujua kama nina ugonjwa.

Garini kwake ni rapu tu, kutoka Karatu hadi Wasso, na ile barabara unaijua, unafika mifupa imehama. Mimi nikawa navumilia kwa mapenzi. Siku moja akaniambia, "Mpenzi, unausikiliza mdomo wa huyu jamaa. Sikiliza miguu yake." Nikacheka. Miguu gani kwenye redio?

Baada ya harusi tukaenda Olbalbal kumwona mama yake. Ukame, Pasi. Ile nyanda ni kama sahani tupu, na maji yako mbali. Asubuhi yake tukaondoka na ng'ombe kwenda kunywesha, mimi na raba zangu za harusini. Mama mkwe akanitazama akasema kwa Kimaasai, na Lemayan akanitafsiria huku anajiuma midomo asicheke: "Mke wa mwanangu anatembea kama anayesubiri gari limpitie." Nikaona aibu, nikajitahidi kuwafuata.

Jua lilipopanda kila kitu kikawa kama ndoto. Mbele, mlima unaelea hewani bila miguu. Vumbi la dhahabu. Kengele ya ng'ombe wa mbele, ngo, ngo, na Lemayan nyuma yangu akiwasemesha wanyama wake. Hakuwa anaimba. Alikuwa anawaita kwa majina yao, majina mafupi ya rangi na mabaka, anasema moja, anatembea hatua mbili kimya, anasema matatu kwa mpigo, na kila jina linatua mguu unapotua. Akiliacha jina lichelewe kidogo, ng'ombe mzima anageuza sikio. Nikasahau kiu. Nikasahau raba. Sijui ni lini midomo yangu ilianza yenyewe: *mtoto wa mfereji, maji yananijua...*

Na mguu wangu ukatua kwenye "to". Ukatua kwenye "re".

Pasi, nilisimama. Nikaviona vistari vyako machoni kama vimechorwa juu ya ile nyanda. Kimoja juu ya "to". Kingine juu ya "re". Ndama akanigonga mgongoni, na Lemayan akapaza sauti, "Endelea! Mbona umenyamaza? Wameshazoea!" Nikaendelea, nikitembea na kulia na kucheka. Yale maneno niliyoyaona mengi mno kwa mstari mmoja yalikuwa yanakimbia kuuwahi mguu, kama wewe ulivyovuka mfereji kwa kuruka jiwe hadi jiwe na jembe begani, hukuwahi kuanguka hata mara moja.

Tuliporudi Karatu nikalitoa daftari. Na hapa ndipo nilipokaa chini. Juu ya "naugua" hukuweka kitu. Hakuna kistari. Uliipitisha haraka bila kuikanyaga, kisha ukaweka kistari peke yake, pembeni, mahali pasipo na neno. Mguu unatua kwenye ukimya. Niliutamka ubeti mara ishirini jikoni mpaka jibu likanijia: ile nafasi ni ya kucheka. Ulikuwa tayari unaumwa figo ulipoandika vile, na wewe ukaiacha nafasi ya kucheka. Mimi nikaja na besi nikaijaza kilio.

Tangu hapo nasikiliza kama mtu aliyepewa masikio mapya. Lemayan anaosha gari uani, mimi nafua, redio iko dirishani, na ninamwambia, "Ngoja, rudisha hapo!" Nasikia kina kilichofichwa katikati ya mstari. Nasikia mtu anavyokula pumzi asikate wazo. Nasikia anavyokaa nyuma ya ngoma makusudi, kama anayekuja nyumbani polepole akijua chakula kipo. Kwaya bado naipenda, kule neno linaota mabawa. Lakini huku kwenye rapu neno lina nyayo. Kumbe ulikuwa unanipa muziki mzima, na mimi nikawa nadai tuni!

Mume wangu ananipigia ngoma kwenye dumu tupu la maji, nami nafanya mazoezi ya ubeti wako. Mwanzoni pumzi ziliniishia kwenye udongo, sijafika hata kwenye kitunguu. Jirani akauliza kupitia ukuta kama tunagombana na ndoa yetu bado changa hivi. Nilifurahi, Pasi! Nikajua nimekaribia.

Jumapili nikapata moyo wa kumpigia Aayo wako. Nilimweleza habari za ndoa, nikamweleza vistari, nikachanganya maneno. Kwenye simu nikasikia kuku wake na maji yakipita. Kisha akasema, "Njoo. Lakini usiniimbie."

Siimbi, rafiki yangu. Nimeapa. Lemayan ameshaomba siku mbili kwa bosi wake, na kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Baray, yeye na dumu lake, mimi na daftari lako na kitenge cha njano nikutandikie pale ulipolala. Nitasimama kati yako na mfereji, Aayo akiwa mbele yangu, nami nitakusema kama ulivyojisema. Nitaikanyaga "to", nitaikanyaga "re". Nikifika kwenye "naugua" nitaipitisha upesi, halafu nitanyamaza, na mguu wangu utatua.

Hiyo nafasi sitaijaza. Namwachia Aayo, aisikie ilivyo, na kama kicheko chako bado kinakaa kifuani mwake, kitajua mahali pa kutokea.

Lala vizuri, mtoto wa mfereji. Niko njiani.

Wako, aliyeamka,
Ndeshi