Siku Mwethya Walipochimba Njia ya Lori

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Kama ungekuwa hapa Katangi juma lililopita, ungecheka hadi ushike mbavu, kisha ungelia. Mimi nilifanya yote mawili.

Unakumbuka ule ukuta wenu mtoni? Nilikuwa darasa la tatu. Mwethya, yaani ninyi akina mama mliokuwa mkilimiana kwa zamu, mlibeba mawe kichwani mkiimba, mkauziba mto mkavu ukingo hadi ukingo. Watu wa sokoni wakawacheka, "Mto hauna maji, mnazuia nini?" Mvua ikaleta mchanga, mchanga ukaficha maji, na kiangazi kilipochoma Yatta yote, sisi tulifukua kwa kopo tukanywa. Sukuma na nyanya ulizomwagilia pale ndizo zilizonisomesha, mimi na Mutua.

Sasa huyu Mutua, kitinda mimba wako. Usimkasirikie haraka, Mama. Ndengu zimemkaukia misimu miwili, na watoto wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mwenye lori akamjia: Nairobi inajenga, inataka mchanga. Akakubali. Nikampigia simu nikamfokea, "Ukiuza huo mchanga umeuza maji!" Akanijibu polepole, "Dada, wewe uko mjini Machakos na mfereji wako. Mimi niko na nini?" Nikakata simu, nikaanza kupanga safari ya kuja Katangi.

Lakini lori halikuwa na njia ya kufika mtoni, basi Mutua akaita mwethya wamchimbie. Aiya! Si unajua mwethya ukiitwa watu hawaulizi ni kazi gani? Wanakuja na majembe, wanauliza wakifika. Na wakishafika, hawarudi bila kuchimba.

Nilipofika, walikuwa wamemaliza sufuria yote ya muthokoi na wanapangusa midomo. Mama Ndanu, yule rafiki yako, akauliza, "Tuchimbe wapi?" Mutua akamwonyesha njia ya miguu ya kwenda mtoni kupitia shamba lako, macho yakiwa chini. Mimi nikajua mto umekwisha.

Mama Ndanu akavua viatu. "Haya, tuchimbe."

Wakachimba, Mama, lakini waliikata hiyo njia katikati: mtaro mrefu, udongo wakiutupa upande wa juu, tuta kama yale mliyokuwa mkichimbiana mashambani zamani. Hata toroli haipiti, sembuse lori. Mutua akapiga kelele, "Sikuwaita kwa kazi hii!"

Mama Ndanu akamjibu bila kusimamisha jembe. "Tulizunguka mashamba yote, Mutua. Zamu ya mamako ilipofika, tukamzika. Hii ndiyo zamu yake."

Ndugu yangu aliketi juu ya ule udongo akalia, mwanaume mzima, na mimi nikaketi kando yake tukalia pamoja. Karo tutaitafuta, mimi na yeye. Nimemwahidi mbele ya wale mama wote. Nimekukumbuka sana, Mwaitu. Naumia kwamba hukuwaona.

Shamba lako limechimbwa. Pumzika sasa.

Mimi bintiyo wa kwanza