Mtambo Ulitaka Namba

Mwenda mjukuu wangu,

Huku Kiirua tu wazima, ila mvua imetukataa na viazi vimekauka. Umeniuliza kama uifundishe kompyuta kazi yako ya kuandika programu, jinsi mkubwa wako anavyotaka. Utaifundisha tu, maana ukikataa mwingine ataifundisha.

Ujanani niliunganisha simu za watu kwa mkono katika ofisi ya simu mjini Meru. Kuna mama asiyejua kusoma aliyekuwa akiinua simu na kusema tu, "Kathure, nipe mwanangu," nami namuunganisha na mwanawe huko Embu. Mafundi walipoleta mtambo mpya, wa kila mtu kujipigia namba mwenyewe, waliniuliza kazi inavyofanywa, nikawaeleza yote isipokuwa huyo mama. Sikumkumbuka.

Mtambo huo ulinitoa kazini, na hilo nimeshalisahau. Lakini baadaye nilimkuta yule mama katika kibanda cha simu pale sokoni Makutano, akiiambia simu isiyojibu, "Kathure, nipe mwanangu."

Nyanya yako,
Kathure