Kidole cha Terry

Jumatatu, 2 Februari 2026
Daftari, samahani. Tangu Oktoba sijakuandikia. Terry alitafuna kalamu, nami nikakosa nguvu ya kutafuta nyingine.
Ploti yetu hapa Homa Bay sasa ni mji mwerevu. Bwana Kerosi wa mradi wa maji ameleta mfereji unaofunguka kwa alama ya kidole. Kila ploti kidole kimoja, wajue maji yanapotelea wapi. Naona maana. Mwaka jana bomba lilivuja wiki tatu, sisi tukachota ziwani, watoto wakaharisha.
Siku ya kusajiliwa nilikuwa peke yangu nyumbani. Dole gumba langu lilikataliwa mara tisa — kuparua samaki kumelifanya laini kama kijiko. Terry, mgongoni, akagusa kioo. Mashine ikasema karibu.
Ana mwaka na nusu. Ndiye mwenye mfereji.

Jumatano, 4 Februari
Alfajiri, Risper wa mlango wa pili: Mama Terry, niazime mtoto. Akarudishwa saa mbili, ameshalishwa mandazi nyumba nne. Uji wangu hautaki.
Bomba lilipasuka leo. Fundi alifika kabla sijamaliza kufua! Hapo Kerosi nampa haki yake.
Lakini nimechoka. Terry ananyonya usiku kucha. Jumapili nyanyake, Dana, anampeleka kwake Karungu kumwachisha kunyonya, kama ilivyo desturi. Wiki tatu. Nitalala.

Ijumaa, 6 Februari
Mkutano wa ploti kuhusu titi langu. Wanaume pia walikuja. Risper, aliyekuwa akinicheka kwamba nanyonyesha mzee, sasa anasema mtoto ni mchanga mno. Nikawaambia titi ni langu, mtoto ni wangu, ataenda.
Nikampigia Kerosi. Kidole kinabadilishwa, akasema, mwenyewe akikubali kwa maandishi na kuonyesha kitambulisho. Nikamwambia mwenyewe ana meno kumi. Akasema ataliandika kwenye maoni.
Mji mwerevu ungeanza kwa kutazama mikono ya wachota maji.

Jumapili, 8 Februari
Tulijaza mitungi, masufuria, hata beseni la Terry. Risper akaziba lango. Dana akamwambia taratibu: nyathina, mwanangu, hata ndama huachishwa. Akapita.
Terry hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Jumanne, 10 Februari
Maji yamekwisha. Kifua kimejaa hadi blauzi inalowa. Mfereji na mimi, sote tunamngoja mtu mmoja.
Bado nahitaji nitumiwe:
Kutoka kwa Kerosi, fomu ya karatasi. Ile ya simu inataka kidole cha Terry.
Kutoka kwa Dana, kabichi moja, majani ya kuweka kifuani yapunguze uvimbe.
Na Terry. Asubuhi moja tu, mkono umeoshwa. Dana ndiye amshike pale mferejini. Mimi nitakuwa ndani, nimejifungia, asinione akataka titi.