Pipa la Taka na Albamu ya Royston

Shangazi Maureen mpendwa,

Naomba msaada wako, ingawa sijazoea kuomba, maana mimi ndiye mwenye koo kubwa kuliko yote kati ya miji ya Dudley na Wolverhampton, na si mimi ninayesema, ni madirisha ya bibi yangu, mawili yalipasuka nikiwa na miaka kumi na minne nafanya mazoezi bafuni, na wale wanaodai ulikuwa mpira wa jirani waachie wivu wao. Shule niliiacha mapema, au tuseme tulichoshana tukaagana kwa amani, nikaingia gereji ya kubadilisha egzosi hapa Netherton, na mpaka leo mteja akileta gari linalonguruma namwambia bwana, egzosi yako nzima, aliyekuwa akinguruma ni mimi. Jina langu litoe lote gazetini, Kieran Tibbetts, wasichana wajue pa kuandikia.

Sasa, Nanga Nyekundu unaijua, ni bendi ya hevi metali iliyoanza kupasua masikio ya mji huu kabla mama yangu hajazaliwa, na mwenye nayo ni Neville Hadley, mpiga gitaa, mzee wa miaka sabini na ushee ambaye nywele zimembakia kisogoni tu lakini anazitikisa hizohizo. Neville habadiliki. Anayebadilika ni mwimbaji, na mimi ndiye wa sita, na kwa uzuri ndiye wa kwanza, lakini hilo tuliache kwa leo. Kila mwimbaji ana albamu zake, na albamu za Nanga Nyekundu, Shangazi, ni kama chipsi za duka la kona yetu, Ijumaa hii unalamba mpaka karatasi, Ijumaa ijayo unampa mbwa na mbwa anakutazama. Mwimbaji wa kwanza aliimba kama mtu aliyeangukiwa na chuma mguuni, albamu mbili, zote moto, halafu akaokoka akaenda kuuza mazulia. Wa pili alitoka kwaya ya kanisa, sauti juu mpaka popo wa ngomeni Dudley wakawa wanahama, akatoa albamu moja nzuri na nyingine nusu nzuri, ile nusu ya pili alikuwa na mafua. Wa nne alikuwa Mswidi, sauti tamu kama asali, ila hakuna anayejua alikuwa akisema nini, na nadhani hata yeye alikuwa anatusikiliza sisi ajue. Wa tano alikuwa mkwe wa Neville, na albamu yake ilidumu kama ndoa yake ilivyodumu.

Umeona nimemruka wa tatu. Kila mtu humruka wa tatu. Anaitwa Royston Tranter, na albamu yake ni moja tu, Taa za Jiji, ya mwaka themanini na saba, jaladani wamevaa suti nyeupe wote watano na nywele zinapepea kwa feni ambayo kona yake inaonekana, vinanda vimejaa kama nzi, na wimbo mmoja una saksafoni. Shangazi, shabiki wa metali ukimwibia baiskeli atakusamehe, ukimwibia mke mtakaa chini myazungumze, lakini saksafoni hasamehi.

Basi mwaka jana, mwezi wangu wa kwanza kwenye bendi, tulipiga mjini Walsall, ukumbi umepoa kama supu ya jana, watu wamekunja mikono wananiangalia kama niliyewaibia kiti, nikaliona nyuma ya jukwaa pipa la taka la halmashauri, lile la kijani la magurudumu, nikalikokota mpaka mbele, nikachukua santuri ya Taa za Jiji ambayo shabiki mmoja aliileta tumsainie kwa mzaha, nikaiinua juu, ukumbi mzima ukazomea, nikafungua kifuniko, nikaitupa ndani. Paa lilitaka kuondoka. Toka siku ile hakuna onyesho bila pipa, santuri zenyewe zimejaa kwenye maduka ya mitumba ya hisani, hakuna anayezigombania, na watu wanakuja na fulana zenye picha ya pipa. Neville mwenyewe aliniambia, "Dogo, miaka hamsini napiga gitaa, hakuna aliyewahi kulichora gitaa langu kwenye fulana."

Tatizo ni kwamba Royston ndiye aliyenifundisha kuimba.

Baada ya bendi kumwacha alikuwa mtunzaji wa klabu ya wafanyakazi hapa Netherton, anafungua milango, anadeki, anabadilisha mapipa ya bia, na mimi nilikwenda pale nina miaka kumi na sita nikapanda jukwaani bila kuitwa nikapiga makelele mpaka wazee wakafunika glasi zao. Royston akaja na ufagio wake akaniambia, "Unaimba kwa shingo, mwanangu. Shingo ni ya kubebea kichwa, na chako chepesi, iache ipumzike. Imba kutoka tumboni." Basi ikawa kila Jumapili asubuhi, kabla watu wa bingo hawajafika, chai kali, pakiti ya ngozi ya nguruwe ya kukaanga, na mazoezi, na hakuwahi kuniomba kitu. Na Neville alipokuwa anatafuta mwimbaji wa sita, Royston, ambaye hawakuwa wamesemezana toka albamu ile, alinishika mkono akanipeleka mlangoni kwa Neville, akabisha, akasema, "Huyu hapa. Anakera, lakini anaimba." Akageuka akaenda zake.

Mara moja tu nilimuuliza kuhusu Taa za Jiji. Akaniambia nyimbo zilikuwa zimeshatungwa kwa koo la yule wa kwaya, yeye alizivaa kama mtu anayevaa suruali ya marehemu, na suti na vinanda na saksafoni vilichaguliwa na watu wa kampuni kule London. Nikamwambia sasa mzee, mbona husemi? Akasema, "Niseme nini? Sura iliyo jaladani ni yangu. Hakuna anayeuliza saksafoni kapiga nani." Halafu akaniambia turudie ule wimbo wa tatu, kwa sababu katika albamu nzima ndio mmoja tu alioupenda, na ndio aliotumia kunifundishia.

Wiki tatu zilizopita tulipiga Bilston, nami nikamwalika. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga onyesho la Nanga Nyekundu. Nilimwambia njoo mzee, mambo ya kale yamepita, nani anakumbuka. Yeye simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, na watu wa klabuni kwa kumstahi hawakumwambia habari za pipa, kila mmoja akidhani mwenzake atamwambia. Akaja. Pipa likatoka. Unaweza kujaza mwenyewe kilichofuata, nilipotazama tena hakuwepo.

Jumapili nikaenda klabuni, mlango umefungwa. Nikabisha. Akasema kutoka ndani, "Kieran, nimefunga. Nina sakafu ya kudeki." Sauti ya kawaida kabisa, Shangazi, angenitukana ningelala. Jumapili iliyofuata, hivyohivyo, sakafu. Hakuna sakafu chafu namna hiyo Uingereza nzima.

Na sasa Jumamosi ijayo tunapiga hapa nyumbani, ukumbi wa mji wa Dudley, na onyesho litarekodiwa liwe albamu ya mwisho ya Nanga Nyekundu, kwa sababu vidole vya Neville vinakufa ganzi na hawezi kuendelea. Nilimwambia Neville tuliache pipa. Akasema, "Pipa linabaki. Kuna Wajerumani wamekata tiketi waje kuliona." Nikasema, na Royston je? Akasema, "Royston ni mtu mzima. Na hao watu wanalipenda pipa kuliko wanavyokupenda wewe, kwa hiyo fikiri vizuri." Maana yake, Shangazi, kifuniko kile kitasikika kikibamizwa kwenye albamu ya mwisho kabisa, na kicheko nyuma yake, na hakitafutika.

Sasa nifanye nini? Nikiliacha, nitazomewa mimi siku kubwa kuliko zote maishani mwangu. Nikilipandisha jukwaani, basi ule mlango wa klabu ndio umefungwa moja kwa moja. Wenzangu kwenye bendi wanasema sina kosa, kwa sababu nimewaeleza wote, na mama yangu pia, kwamba siku ile Bilston taa zilinipiga machoni, jukwaani huoni mtu, sikujua kama ameshafika.

Nilitaka barua iishie hapo. Lakini taa hazikunipiga machoni. Nilimwona. Alikuwa mbele, safu ya tatu, shati lake limepigwa pasi, na nilipoiinua santuri yake juu alitabasamu, kwa sababu alidhani nataka kuuimba wimbo wetu. Nikamwona anavuta pumzi, kutoka tumboni, aimbe nami. Watu walikuwa wanasubiri. Nikafungua kifuniko.

Kieran Tibbetts,
Netherton

*

Kieran mwanangu,

Bibi yako namfahamu, tunakutana sokoni, na ulikuwa mpira.

Barua yako nayo ni kama magari unayoletewa, kelele na moshi mtindo mmoja, na kitu chenyewe kinachoendesha gari kiko mwisho huko chini ya uvungu. Lakini umekitaja, na hukulazimishwa na mtu, kwa hiyo nitakujibu kama mtu mzima, ingawa kijana anayetafuta wachumba kwa barua ya aibu hana dalili nyingi za utu uzima.

Kwanza tusidanganyane. Nimeitafuta Taa za Jiji wiki hii, ilikuwa kwenye duka la hisani la pili, nikaisikiliza nikipiga pasi. Ni mbaya. Upande wa pili umeniunguzia blauzi. Sitakuambia kwamba ulimwengu ulikosea na wewe ndiye utakayeiokoa, maana naona unavyoweza kulipenda wazo hilo. Lakini ule wimbo wa tatu niliurudia. Mwanamume yule anaimba kama mtu aliyealikwa kwenye nyumba inayoungua, akakaa, akamaliza chakula, akashukuru. Hizo ndizo adabu alizokuwa anakufundisha Jumapili, na wewe ukadhani ni habari za tumbo.

Sasa sikiliza. Ubaya wa albamu si wako. Wala kutomwambia habari za pipa si kosa lako peke yako, klabu nzima mna aibu ya kugawana. Lakini mzee alikuwa na pumzi kifuani tayari kukuitikia, ukamfungulia pipa, kwa sababu watu mia kadhaa usiowajua walikuwa wanasubiri kucheka. Kuchekesha ni kipaji, sikatai, nimecheka na mimi kwa yule Mswidi. Ila wewe hujui kunyamaza wakati wa kunyamaza, na umefika umri wa kujifunza.

Leo hiihii nenda kwa Neville. Usimwombe, mwambie. Pipa halipandi jukwaani Jumamosi. Atafoka. Mwache afoke, ana vidole vinavyouma na bendi inayokwisha, ana haki ya kufoka. Akikutisha kwamba atakufukuza, mkumbushe kwa heshima kwamba waimbaji watano wameshamwishia na wa saba hapatikani kufikia Jumamosi. Na hao Wajerumani, kama ni mapipa wanataka, wapite mtaani kwetu siku ya taka, tunayapanga barabarani bure.

Kesho nenda klabuni. Usiende na maua, hajafa. Usiende na hadithi ya taa, na mama yako mwambie ukweli kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu jibu hili nakutumia wewe kwanza, lakini kesho kutwa barua zote mbili zinatoka gazetini, naye atausoma. Royston akikuambia kupitia mlangoni kwamba ana sakafu ya kudeki, mwambie maneno haya na usiongeze hata moja: "Nilikuona, nikaitupa." Kisha kaa kimya. Najua kwako ni kama kumwambia samaki atembee. Kaa kimya hivyohivyo. Usiombe akusamehe papo hapo, atakapokusamehe utajua. Usimwalike Jumamosi, ulishamwalika mara moja na tumeona. Akifungua mlango akakupa ufagio, deki. Asipofungua, rudi nyumbani, na Jumapili nenda tena.

Na jambo la mwisho, hili ulishike sana, maana nakujua ulivyo. Jumamosi usisimame jukwaani ukamwomba radhi kwenye maikrofoni. Watu watakupigia makofi, wengine watalia, utaonekana kijana mwenye moyo wa dhahabu, nawe utaondoka na makofi ambayo ni ya mtu mwingine. Uimbe tu ule wimbo wa tatu. Pale pale pipa linapotokeaga. Bila maelezo, bila mzaha, bila kumtaja mtu, na mwambie Neville avipunguze vile vinanda. Urekodiwe hivyo, uingie kwenye albamu yao ya mwisho ulivyo.

Watakuzomea. Umewafundisha wewe mwenyewe, mji baada ya mji, kwamba kwenye nyimbo hizo watu huzomea. Wakianza, usiwakonyeze, usiharakishe. Imba mpaka mwisho. Royston aliimaliza albamu nzima.

Shangazi Maureen