Ile Kubwa Uliyoniambia Niichukue

Nakuru, Jumapili, baada ya ibada

Rafiki yangu Kantibhai,

Niliwafundisha watoto kwamba barua huanza kwa kumtakia hali njema anayeandikiwa. Kwako wewe sijui nianzeje. Basi nitaanza na habari.

Studio yako imekuwa duka la viatu. Kibao kimeng'olewa. Pale palipokuwa na pazia la buluu, ambalo nusu ya mji huu ilikaa mbele yake ikapigwa picha za kipande cha utambulisho, sasa zimepangwa raba za watoto. Mama Nila alipanda treni wiki iliyopita kwenda Nairobi, na kutoka huko Uingereza kwa binti yenu. Nilimsindikiza stesheni. Nimebaki na kamera yako na boksi moja, na neno ambalo nimelibeba mwezi mzima nisijue pa kulitua.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipanda mlima Menengai kila Jumamosi asubuhi. Miaka kumi na mitano tulitafuta picha moja tu, yenye ziwa na mawingu pamoja. Kamera haikukubali. Ukipimia mwanga wa ziwa, mbingu ilitoka nyeupe kama karatasi. Ukipimia mawingu, ziwa na mji vilizama gizani. Ukakata kioo cha dirisha kipande cha mraba, ukakipaka masizi ya koroboi nusu ya juu, ukakifunika kwa kioo cha pili. Ulikishika kwa vidole mbele ya lenzi, ukikipandisha na kukishusha mpaka ukingo wa masizi ukutane na milima iliyo ng'ambo ya ziwa. Kila picha ilitoka na kidole chako pembeni.

"Hiyo ni saini, Mwalimu," ulisema. "Mchoraji naweka jina, mimi naweka kidole."

Baadaye ulinunua kile cha duara, cha kukaza kwenye lenzi. Ulikitumia mara mbili tu. Mstari wake ulikuwa katikati na haukusogea. "Hii nanilazimisha kukata dunia nusu-nusu kama papai," ulilalamika. Nami, badala ya kukuhurumia, nilikuambia kwamba kifaa hicho kinaitwa kichujio, na kwamba kichujio hakilazimishi kwa "hii", hulazimisha kwa "hiki". Uliahidi kusema kichujio. Siku hiyo hiyo ulisema "kichujio yangu". Nikakusahihisha tena.

"Wewe nasahihisha hata kikohozi yangu!"

Ulicheka, nami sikucheka. Nililelewa na walimu waliotuchapa kwa ajili ya ngeli, nikadhani kumsahihisha mtu ni kumheshimu.

Kisha mpwa wako akakuletea zile seti mbili za vichujio vya mraba, uchague moja, nyingine irudi. Sikupata kukuona na furaha kama ile. Fremu hukazwa kwenye lenzi kwa pete, na kichujio huteleza ndani yake juu na chini, bila vidole. Tulizipanga juu ya kaunta. Seti ndogo ilikuwa ya plastiki, nyepesi, na pete yake ilikuwamo. Lakini tulipoifunga kwenye lenzi yako pana, pembe nne za fremu zilionekana nyeusi kwenye picha. Kubwa ilikuwa ya vioo, nzito mno kwa mzee wa kupanda mlima, nayo ilifunika lenzi yote. Uliishikilia tu kwa mkono, ukachungulia. Kuhusu pete ya kuitosha lenzi yako ulisema utatafuta katika mkebe wa biskuti chini ya kaunta, ulimotupia pete zako zote. Halafu mteja akaingia. Juma lililofuata ukaanguka.

Hospitalini nilikaa kwenye kiti cha chuma. Mama Nila alikuwa ametoka kutafuta chai. Nikakuuliza kuhusu vichujio, tuchukue kipi. Ulinitazama. Ukasema, "Mwalimu, usisahau. Chukua ile kubwa."

Nikasema, "Kile kikubwa, Kantibhai. Kichujio ni ki-vi."

Ulitabasamu. Ukafumba macho. "Haya, Mwalimu. Kile."

Hukusema tena nami. Asubuhi yake ulikuwa umekwisha kwenda.

Mbele ya mtu anayekufa, Kantibhai, wengine wana sala, wengine wana machozi. Mimi nilikuwa na ngeli.

Baada ya siku za matanga Mama Nila aliniita. Alikuwa akifunga mizigo. Aliweka maboksi mawili mbele yangu. "Chukua moja, Mwalimu, ingine narudi kwa mpwa yake. Chagua wewe, mimi sijui hiyo mambo. Lakini kabla ya mimi kwenda, nipe ile picha. Miaka yote hiyo, mawingu iko, ziwa hapana. Ziwa iko, mawingu hapana. Mimi nataka kwenda na yote." Sikusita. Nilichukua kikubwa, kama nilivyoamini umeniagiza.

Nilipanda Jumamosi, peke yangu, nikipumzika kila mahali ulipozoea kunisubiri. Mawingu yalikuwa yamejaa juu ya ziwa, na ukingo wa ziwa ulikuwa wa waridi kwa flamingo. Nilifungua boksi. Fremu ilikuwamo. Vioo vilikuwamo. Pete iliyokuwamo ilikuwa ndogo kuliko lenzi yako, haikushika.

Nilisimama pale, ndipo nikasikia ulichoniambia. Pete ile. Pete ile kubwa, ya mkebeni. Ngeli ya i-zi, bila kosa hata moja. Siku moja katika miaka kumi na mitano ulisema Kiswahili sanifu, nami nikakusahihisha.

Ama huenda sivyo. Seti nayo ni "ile kubwa". Fremu nayo, lenzi nayo. Nimeyapanga maneno hayo kwenye daftari kama zoezi la darasa la sita, na kila moja linakubali. Nisingekukatiza, ungemaliza sentensi yako.

Niliteremka mbio, kwa kadiri mzee anavyoweza kukimbia. Kaunta ilikuwa imekwisha kubebwa. Kijana wa duka la viatu alisema, "Mzee, mikebe yote tulitupa jana." Hakukosa yeye.

Mama Nila alikuwa na siku tatu tu. Nikapanda tena Jumapili, nikakosa hata ibada. Nilishika kioo kwa vidole kama ulivyofanya wewe. Nilipiga picha kumi na mbili. Kumi na moja hazifai. Katika moja, mawingu yamo na ziwa limo, lakini chini kulia kuna kivuli kinene, cha kijivu. Kidole changu.

Niliona aibu kumpa. Niliifunga katika gazeti nikampelekea stesheni. Aliifungua pale pale kwenye jukwaa, akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole chake juu ya kile kivuli.

"Kidole yake," alisema. "Kidole yake iko."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba si kidole chako. Na ile sauti ya zamani ndani yangu ilitaka kusema: kidole chake. Nilifunga mdomo. Treni ikaondoka, naye akaenda nacho.

Sijui kama nilifanya vema. Sijui ulitaka nichukue nini. Boksi lako lipo mezani kwangu, halina pete inayoshika, nami sina mtu wa kumuuliza.

Lala salama, rafiki yangu. Sitaliuza, wala sitatafuta pete nyingine. Nitapanda Jumamosi kwa vidole, maadamu miguu inakubali. Na neno lako nimeliandika ndani ya kifuniko cha boksi kama ulivyolitamka, ile kubwa, bila mstari mwekundu.

Ni mimi,
Mwalimu